Uhuru Ilipaa Kutoka Ngomeni

Sijawahi kupanda ndege. Naanza na hilo ndio msije mkadhani nimeomoka. Nikisema nilitembelea makavazi ya anga ya Smithsonian kule Washington, namaanisha kwamba cuzo wangu anayeishi Maryland alienda huko siku yake ya ofu, akanipigia simu ya video, na mimi nikazunguka lile jumba lote nikiwa nimelala kitandani Umoja, simu iko kwenye chaja na bando ya masaa matatu. Kwao ilikuwa saa nane mchana, kwetu saa tatu usiku. Kiingilio ni bure, hata kwa sisi wa simu.

Tulianza na Columbia, kile chombo kilichowarudisha wasee wa Apollo 11 duniani Julai 1969. Nilikuwa nategemea kitu kinang'aa. Kumbe kimeungua chini kama sufuria ya githeri iliyosahaulika jikoni. Watu watatu walikaa ndani ya hiyo kitu siku nane, nafasi ambayo Probox ya mashinani ingebeba kumi na wawili na mbuzi. Cuzo akaniambia Michael Collins, yule aliyebaki akizunguka mwezi wenzake wakishuka, aliandika maneno yake kwa kalamu kwenye ukuta wa ndani kabla kiwe mali ya makavazi. Hapo nilimpenda kabisa. Sisi pia tuliandika majina kwenye ukuta wa bweni, ni vile tu yetu ilipigwa rangi na hakuna mtu alilipia kuihifadhi.

Halafu suti ya Neil Armstrong. Hiyo suti ilishonwa na kina mama waliokuwa mafundi wa cherehani katika kampuni ambayo watu waliijua zaidi kwa sidiria za Playtex. Tabaka juu ya tabaka, na mshono ukikosea kidogo tu mtu anakufa mwezini. Siku nyingine nitaandika juu yao peke yao. Tukamaliza na jiwe la mwezi unaloruhusiwa kugusa, lililoletwa na Apollo 17 mwaka 1972. Cuzo akaligusa kwa niaba yangu. Nikamuuliza likoje. Akasema limeshikwa na watu wengi sana mpaka limekuwa laini kama sabuni ya mche iliyotumika.

Ni hapo akaniuliza, akicheka, "Na sisi? Kenya hatuna hata spana huku ndani?"

Nikamjibu sisi tuna pete ya Makueni. Mnaikumbuka. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya karibu kilo 500, upana wa mita mbili na nusu hivi, ilianguka kutoka angani kijijini Mukuku, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Nchi nzima tukafanya utani wiki moja. Wengine wakauliza bei ya skrepa kwa kilo. Mimi pia nilitengeneza video, na ilifanya vizuri, siwezi kukana. Kwa hivyo tukacheka, cuzo na mimi, betri yake ikaisha, tukaagana hivyo.

Lakini sikulala. Kuna neno lilikuwa linanisumbua kichwani na sikujua nimelitoa wapi.

Sasa, wale mnaonijua mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasoma fizikia. Karo ilirundikana, hiyo ni sababu moja, na ndiyo ninayopenda kuwaambia watu. Sababu ya pili ni kwamba nilikuwa nimeamini maneno ya mjomba wangu, kwamba fizikia ni kitu ya watu wa mbali, ukiisoma Kenya utaishia kufundisha Form Two sheria za Newton mpaka ustaafu. Sikuacha kwa sababu nilikuwa mjinga. Niliacha kwa sababu nilidhani hakuna kitu kwenye ile somo kilichowahi kutokea hapa.

Usiku huo nikatoa boksi chini ya kitanda, nikapekua noti zangu za mwaka wa pili. Nikapata. Mwandiko wangu mwenyewe, mstari mmoja, chini ya kichwa cha mashimo meusi: Cygnus X-1, setilaiti ya Uhuru, 1970. Basi. Nililiandika hilo neno, nikalipigia mstari, nikalikariri kwa ajili ya mtihani, na hata siku moja sikujiuliza kwa nini setilaiti ya NASA inaitwa kwa Kiswahili. Mhadhiri hakusema, lakini na mimi sikuuliza. Nilidhani pengine ni jina tu, vile Wazungu huita mambwa yao Simba.

Hii hapa ndiyo hadithi yenyewe.

Mwaka 1962 Waitaliano na Wamarekani walitia saini makubaliano. Marekani ingetoa roketi na mafunzo, Italia ingejenga mahali pa kurushia. Aliyekuwa anasukuma hiyo mambo upande wa Italia ni Luigi Broglio, mhandisi wa jeshi la anga na profesa wa Chuo Kikuu cha Sapienza, Roma. Desemba 1964 timu yake ikarusha setilaiti yao ya kwanza, San Marco 1, lakini waliirusha kutoka Wallops, Marekani. Broglio hakutaka Wallops. Alitaka ikweta.

Ikweta kwa nini? Dunia inazunguka, sindio? Mtu aliyesimama ncha ya kaskazini anajigeuza tu hapo hapo kama mahindi kwenye jiko. Mtu aliye ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Wewe unayesoma hii ukiwa Rongai unaenda kasi hiyo sai, na hujalipa nauli. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka ikweta inaanza safari ikiwa tayari imepewa huo msukumo bure. Kwa roketi ndogo kama Scout, ambayo ndiyo Waitaliano walipewa, msukumo wa bure ni kitu ya maana sana. Halafu unataka bahari upande wa mashariki, ndio vipande vikianguka visiue mtu. Sasa chukua ramani utafute pwani iliyo karibu na ikweta na inatazama mashariki, na bahari mbele yake haina mwisho. Utaishia Kilifi.

Walichagua ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kama kilomita 30 kaskazini mwa Malindi, karibu nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Wakasimamisha majukwaa baharini, miguu ya chuma imekita kwenye sakafu ya bahari kama yale ya kuchimba mafuta. Moja wakaliita San Marco, hilo la kurushia. La kuongozea wakaliita Santa Rita. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikapaa kutoka pale na kuingia kwenye mzingo. Kenya ilikuwa na miaka mitatu na miezi minne ya uhuru. Na kama umewahi kujiuliza kwa nini Malindi ina pizza na aiskrimu kila kona, na vijana wa bichi wanaongea Kiitaliano kuliko sisi tunavyoongea Kifaransa cha shule, anza kuhesabu kutoka hapo. Wahandisi walikuja kwanza, watalii wakafuata.

Tarehe ya kushika ni 12 Desemba 1970. Jamhuri Dei, miaka saba kamili. Nchi iko kwenye gwaride, na huko Ngomeni kwenye jukwaa kuna roketi ya Scout imebeba setilaiti ya kama kilo 140 ambayo kwenye makaratasi ilikuwa inaitwa SAS-A. Msimamizi wa mradi upande wa NASA alikuwa Marjorie Townsend, mhandisi, mwanamke katika kazi ambayo wakati huo wanawake walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Kwa sababu ya siku yenyewe, na kwa sababu ya vile Wakenya waliwapokea, Townsend akaipa setilaiti jina Uhuru.

Ilikuwa setilaiti ya kwanza kabisa duniani kujengwa kwa kazi ya kuangalia anga kwa miale ya eksirei. Wacha nieleze kwa nini hiyo ni kubwa. Miale ya eksirei inayotoka kwa nyota haifiki hapa chini, hewa yetu inaizuia, na tushukuru, juu sivyo tungekaangwa. Kwa hivyo ukitaka kuiona lazima upande juu. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walipeleka kifaa juu kwa roketi, wakagundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua, Scorpius X-1. Shida ni kwamba roketi ya aina hiyo inapanda na kurudi. Unapata dakika chache za kuangalia, halafu kifaa chako kinaanguka. Ni kama kuambiwa usome kitabu kizima ukiwa kwenye mat inayopita dirisha la duka.

Uhuru haikuanguka. Ilikaa kule juu, ikijizungusha polepole, mzunguko mmoja kama dakika 12, ikipangusa anga ukanda kwa ukanda. Na ile ikweta ilisaidia mara ya pili: mzingo wake ulibaki karibu na ikweta, ukakwepa kwa kiasi kikubwa sehemu yenye mionzi mibaya iliyo juu ya Atlantiki ya kusini, ambayo huvuruga vifaa vya aina hii. Ikafanya kazi mpaka Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei.

Kati ya hivyo kuna Cygnus X-1. Uhuru iliona eksirei zake zikimetameta kwa haraka mno, chini ya sekunde moja. Hapo kuna fizikia tamu sana, nivumilieni. Kitu hakiwezi kuwaka na kuzima kwa haraka kuliko muda ambao mwanga unachukua kukivuka. Kwa hivyo kitu kinachometameta haraka hivyo lazima kiwe kidogo. Mwaka 1971 wanaastronomia wakapata nyota kubwa iliyo mahali hapo hapo, wakaona inavutwa huku na huku na mwenzake asiyeonekana. Wakipiga hesabu ya uzito wa huyo mwenzake, ni mzito kupita kiasi. Mdogo, mzito, haonekani. Hicho ndicho kilikuja kukubalika kuwa shimo jeusi la kwanza ambalo binadamu aliweza kulinyoshea kidole. Stephen Hawking alibeti na Kip Thorne mwaka 1974 kwamba si shimo jeusi. Mwaka 1990 akakubali ameliwa. Mnaona vile kubeti si kitu ya vijana wa mtaani pekee.

Giacconi alipata Nobel ya fizikia mwaka 2002 kwa kazi aliyoanza kwenye eksirei za anga, na Uhuru iko katikati ya hiyo kazi.

Sasa hapa ndio nataka tuongee ukweli, kwa sababu najua kuna wasee watachukua hii waandike ati Kenya ilikuwa taifa la anga kabla ya China. Tulia. Roketi ilikuwa ya Marekani. Setilaiti ilikuwa ya Marekani. Jukwaa lilikuwa la Italia. Waliosoma data walikuwa Wamarekani, na Nobel imeenda kwa Mtaliano aliyehamia Marekani. Chetu kilikuwa mahali, na jina. Jina lilikuwa asante, na asante haina hisa. Kusema kitu kilirushwa kutoka kwetu si kusema tulikirusha, na tukichanganya hizo mbili tutakuwa tunajidanganya tu kwa fahari ya bure.

Lakini pia sikubali upande ule mwingine, ule wa mjomba wangu, unaosema kwamba hayakutuhusu. Mahali si kitu kidogo. Bila ile pwani, ile setilaiti ingekuwa na mzingo mwingine na mateso mengine. Na hawakurusha moja wakahama. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilipaa kutoka kwa hilo jukwaa. SAS-2 iliyosoma miale ya gama ilipaa Novemba 1972. Ariel 5 ya Waingereza, Oktoba 1974. SAS-3, Mei 1975. Ya mwisho ilikuwa San Marco ya tano, Machi 1988. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya kile binadamu alijua juu ya anga la eksirei ilikuwa imepitia Magarini. Nilienda Malindi na tripu ya shule nikiwa Form Three. Tulionyeshwa nguzo ya Vasco da Gama, tukapigwa picha, tukaandika kwenye daftari kwamba Mreno alifika 1498. Basi ikageuzia hapo. Kilomita 30 mbele kulikuwa na hii yote.

Na haijaisha, hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Kituo cha nchi kavu bado kinafanya kazi, sasa kinaitwa kwa jina la Broglio. Swift, setilaiti ya NASA inayowinda milipuko ya miale ya gama tangu 2004, ilipangiwa Malindi kama kituo chake kikuu cha kushushia data. Yaani nyota inalipuka mbali huko, na taarifa inashukia Kilifi ndio iende Marekani. Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia saini makubaliano mapya juu ya hicho kituo. Mwaka 2018, tarehe 11 Mei, Chuo Kikuu cha Nairobi kikapata setilaiti yake ndogo, mchemraba wa sentimita kumi kila upande, ikaachiliwa kutoka sehemu ya Wajapani ya kituo cha kimataifa cha anga. Washirika wake walikuwa Sapienza, chuo kile kile cha Broglio. Halafu 15 Aprili 2023 tukakaa macho kuangalia Taifa-1 ikipaa, setilaiti ya kwanza ya uangalizi wa ardhi ya Kenya. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Ilipaa kutoka Vandenberg, California.

Fikiria hiyo kidogo. Mwaka 1970 Wamarekani walileta setilaiti yao Kenya ndio ipate kwenda anga za juu. Mwaka 2023 Wakenya tulipeleka yetu Marekani. Kuna sababu nzuri, nisiwe muongo: roketi za Scout ziliachwa zamani, jukwaa ni la zamani, na kununua nafasi kwenye roketi ya mtu mwingine ni bei rahisi kuliko kufufua kituo kizima. Najua. Bado inakaa vibaya kwa koo.

Mwezi uliofuata ile simu ya cuzo nilichukua basi ya usiku mpaka Malindi. Si ati nilikuwa na mpango. Nilikuwa nimelipwa na brandi moja, nikaona heri hizo pesa zinipeleke mahali kabla zipotelee kwa chipo na bando. Asubuhi nikapanda matatu mpaka Gongoni, kisha boda hadi Ngomeni. Njia inapita kwenye mashamba ya chumvi, meupe mpaka macho yanauma, kisha mikoko, kisha unafika kijijini na bahari iko hapo. Langoni pa kituo sikuenda, sikuwa nimeomba ruhusa na sikutaka kuwa yule mtu wa kamera.

Majukwaa unayaona kutoka ufuoni. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kitu kikubwa, na ni vistari tu vya giza juu ya maji, kama meza mtu aliisahau baharini. Nilisimama na simu, nikarekodi kama dakika mbili, nikaona video haionyeshi kitu, nikazima.

Kulikuwa na mzee anashona wavu chini ya mwembe. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, watoka wapi. Nikasema Nairobi. Akauliza kama ni mtu wa magazeti. Nikasema hapana, nimekuja kuangalia pale tu. Akageuka akaangalia na yeye, kama mtu anayeangalia kiosk cha jirani.

"Zamani zilikuwa zikiruka pale," akasema. "Waona moto kwanza. Moto wapanda, kimya kabisa. Halafu ndipo sauti yaja, yakupiga hapa." Akajigusa kifuani. "Watoto walikuwa wakilia. Mimi nilikuwa mkubwa kidogo, sikulia."

Nikamuuliza kama anajua moja ilikuwa inaitwa Uhuru. Akasema hajui, yeye alijua ni za Mtaliano. Nikamweleza vile nilivyoweza, kwamba ile iliona kitu mbinguni ambacho hakuna mtu alikuwa amekiona. Shimo. Akauliza shimo la nini. Nikajaribu tena, kwa Kiswahili changu cha Nairobi kinachogongana na chake, nyota inayomezwa na mwenzake, eksirei, ile ya hospitali, eeh, hiyo hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho. Sijui kama kuna mhadhara wa fizikia nimewahi kuufuata vizuri vile yeye aliufuata.

"Na haya uliyasomea?" akauliza.

"Nilisomea. Nikaacha."

"Ukaacha."

"Karo, mzee."

Karo ndiyo nilimwambia. Ile nyingine sikumwambia. Alivuta uzi, akaukata kwa meno, akasema maji yanajaa na mashua iko vibaya, nije nimsaidie kuisukuma. Nikavua viatu, nikaingia majini.